Siku Niliyosimamisha Mizani ya Mkonge

Aibu hii nimeibeba miezi sasa, acha niitue hapa, mcheke mmalize.

Nilikuwa kwenye wiki ya majaribio katika shamba moja la mkonge nje kidogo ya Voi. Meneja alitaka kuona kama naweza kuaminiwa na kompyuta zao, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo: nimpe majina ya programu zote zilizo kwenye kompyuta kuukuu ya mizani, ile ya kupima malori ya majani ya mkonge. Mama Akinyi, karani wa mizani (alitoka Siaya zamani, lakini Kidawida, lugha yetu ya Taita, anakiongea kunishinda mimi wa Wundanyi), akasema tufungue orodha, yeye asome, mimi niandike na biro. Biro? Mimi na diploma yangu? Nikamwambia kwa madaha kwamba siku hizi unaandika amri ya mstari mmoja tu, kompyuta inataja yenyewe.

Mstari huo niliunakili mtandaoni bila kusoma maonyo ya chini. Nikabonyeza, nikaegemea kiti. Kumbe kwenye kompyuta za zamani amri ile haisomi majina tu, inakagua kila programu moja moja, na ikiona faili limekosekana inaanza kuirekebisha bila kukuuliza! Vidirisha vikafunguka kimoja baada ya kingine, na programu ya mizani ikajifunga lori likiwa juu ya mizani, ikadai ipewe diski iliyotumiwa kuiweka miaka hiyo.

Lori la pili likafika, la tatu, la tano, foleni mpaka getini, na jua la Voi mnalijua, majani yanakauka mnayaona. Madereva wakajaa dirishani, mmoja akauliza kama nimetumwa na shamba lingine. Mimi nabonyeza kila kitu, jasho mpaka kwenye soksi, nikijua nimefutwa kazi ambayo hata sijaipata.

Mama Akinyi aliinua kikombe chake cha chai, akachukua diski iliyokuwa chini yake (ilikuwa inazuia madoa mezani), akaipangusa na leso, akasoma maandishi.

"Jaribu hii. Imeandikwa mizani."

Nikaiingiza. Ikazunguka, ikakwama, ikazunguka tena, halafu programu ikafunguka, rekodi zote zikiwa mahali pake. Jamani, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga mbele ya madereva wote, na sikujali.

Hapo ndipo meneja akaingia, akauliza mizani imesimama kwa nini. Mama Akinyi, kwa huruma zake, akaanza kusema habari za stima kupotea. Nikamkatiza, nikaeleza yote, hata ile ya kunakili nisichokijua. Meneja akanyoosha kidole kuelekea ofisini kwake.

"Stima haijapotea. Feni yangu imezunguka asubuhi yote. Ungekubali huo uongo, saa hii ungekuwa unapanda kwenu Wundanyi."

Kisha akasema nije Jumatatu saa moja kuanza kazi, na orodha aikute mezani leo kabla ya chakula cha mchana. Tuliiandika kwa mkono, dakika nane.

Kazi ninayo mpaka leo, lakini amri nisiyoielewa siiandiki tena kwenye kompyuta ya mtu, na kabla sijagusa ile ya mizani, kwanza nachungulia nje nione kama kuna lori.