Gari Lililotoka Matangani

Polisi walilichukua landrova letu mbele ya nyumba, hapa Cheyo, Tabora mjini, mchana kweupe, nikiwa barazani namnyonyesha mtoto. Majirani wote walitoka kutazama. Hata yule ambaye huwa anasema miguu inamuuma alitoka. Askari mmoja aliyewahi kufanya kazi upande wa Igunga alilitambua kwa mlango wa kushoto, ambao ni wa kijani ilhali gari zima ni la kijivu. Akasema gari hilo liliibwa Choma, kwenye msiba, na mtoto wa marehemu ndiye aliyeripoti.

Mume wangu alisimama na grisi hadi viwikoni. "Mimi nililinunua, afande," alisema. Basi.

Mkuu wa kituo alitupa maneno mafupi. Tumlete mwenye mali aseme mwenyewe lilitokaje kwake, la sivyo mume wangu atajibu mahakamani, na gari tulisahau.

Gari lile ndilo lilikuwa kazi yetu. Miezi yote ya mimba yangu mume wangu alilala chini yake akilifufua, mimi nikimshikia taa ya chemli na tumbo langu mbele. Vijiji vimehamishwa, watu wamepangwa kwenye mistari mizuri, lakini aliyepanga mistari hakupanga basi. Karanga zinaozea huko. Mama mwenye uchungu anabebwa kwa baiskeli. Sisi tulitaka kubeba hao. Sasa tukawa wezi.

"Nani alikuuzia?" nilimuuliza.

"Katekista mmoja, Usinge."

"Na yeye alilipata wapi?"

"Sikumuuliza."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Mwanamume akinunua jogoo sokoni anamfunua mkia, anamchungulia macho, anamnusa. Gari analipokea kama zawadi ya Krismasi!

"Tusubiri, mama. Mungu yupo," akasema.

"Yupo. Na miguu alitupa."

Nilimfunga mtoto mgongoni nikapanda treni ya Kigoma. Mama mkwe alisema mwanamke anayenyonyesha hafukuzii magari. Nikamwambia basi amtume mwanawe.

Katekista wa Usinge nilimkuta shambani kwake, mtu mpole mwenye kofia ya majani. Nilipomwamkia shikamoo na kumweleza, jembe lilimponyoka.

"Marahaba, mwanangu. Limeibwa? Mimi nilimpa mtu ng'ombe, nikachukua gari mbele ya mashahidi!"

"Mtu gani?"

"Fundi cherehani, Mzaramo, pale Tabora sokoni. Lilikuwa nyuma ya nyumba yake, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva."

Nilimuuliza kwa nini naye aliliuza. Akacheka kidogo, akatazama nyumba za jirani kabla ya kujibu. "Tulipohamia kijijini, likawa gari la kamati. Kamati ikitaka kuni, gari. Ikitaka maji, gari. Mwenyekiti akioza binti, gari. Nikaona nitabaki na usukani tu."

Kwa hiyo nilikuwa nimesafiri hadi Usinge kumtafuta mtu aliyekaa mwendo wa dakika chache kutoka kwangu. Njiani kurudi nilimlaani mume wangu kwa kila stesheni.

Fundi cherehani alikuwa mzee mfupi, tepu shingoni, pini mdomoni. Nilipotaja landrova alizitoa pini moja moja akazichoma kwenye mto wake, polepole, kama mtu anayetafuta uongo na haupati.

"Sikuiba," alisema. "Nilichukua. Wewe ni Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ni mpagazi wangu, utanielewa."

Nikaelewa hata kabla hajamaliza. Mimi nimesoma sekondari, lakini nimezika na kuzikiwa ndugu hapa hapa. Wazaramo na sisi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo ya pembe kwenda pwani. Mtani kwenye msiba ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Atalala kaburini azuie maiti isishushwe. Atachukua sufuria, kiti, koti la marehemu, na hakuna wa kumkasirikia. Mnakwenda kumbembeleza, mnampa kuku au pombe, anarudisha. Ndivyo kinavyokombolewa kitu.

Marehemu wa Choma alikuwa rafiki yake mkubwa. Siku ya matanga fundi alipanda gari la marehemu, akapiga honi mpaka waombolezaji wakacheka, akatangaza kwamba analipeleka Tabora na anataka jogoo mweupe. Akaondoka. Akangoja jogoo.

Jogoo hakuja. Mtoto wa marehemu alikuwa amefika kutoka Dar es Salaam, alikolelewa tangu mdogo, hajui utani ni nini. Aliona gari la baba yake linaondoka na mtu anayepiga honi, akakimbilia polisi.

"Nikasikia natafutwa kama jambazi," fundi alisema. "Nikaogopa, nikaliuza. Nilikosea hapo, nilikosea kabisa. Kitu cha utani hakiuzwi. Kinakombolewa."

Nilimwambia afunge cherehani, twende Choma.

"Kwa mjane? Ataniua."

"Na mimi nitakuua usipokwenda. Chagua."

Ndani ya basi ndipo baridi iliponiingia. Ikiwa kitu cha utani hakiuzwi, basi fundi hakuwa na haki ya kumuuzia katekista, na katekista hakuwa na haki ya kumuuzia mume wangu. Gari lilikuwa bado la yule mama. Nilikuwa nakwenda kumwokoa mume wangu asifungwe na kulipoteza gari kwa mkono wangu mwenyewe. Ningeweza kushuka Nzega nikarudi. Mtoto alikuwa amelala mdomo wazi kifuani kwangu. Sikushuka, kwa sababu ya hasira tu. Nilikuwa nimechoka kuitwa mke wa mwizi.

Mjane alikuwa anapepeta mtama uani. Alimwona fundi kabla hajaniona mimi, akasimama na ungo wake.

"Hee! Mla nazi! Umekuja kuiba na mbuzi?"

"Nimekuja kudai jogoo wangu, mpagazi."

"Jogoo wako alikufa kwa uzee akikungoja! Mimi namngoja mtani arudi aseme shida yake, kumbe mtani amekimbia kama sungura! Akili zako zimekuwa tui?"

"Mwanao aliniitia polisi!"

"Mwanangu hajui kitu. Wewe je? Ulishindwa kuja kunitukana mwenyewe?"

Fundi alipiga magoti palepale kwenye makapi. Hapo utani uliisha, akasema ukweli kwamba lilikaliwa na kuku kwake mpaka akaliuza. Yule mama alikaa chini. Akaanza kuokota punje moja moja. Mimi nikaeleza yangu: mume wangu, taa ya chemli, karanga zinazooza, kituo cha polisi. Sikulia. Nilieleza kwa ukali, ndivyo nilivyo.

"Kwa hiyo ni langu," alisema.

"Ni lako, mama."

"Na wewe umekuja mpaka hapa kuniambia hivyo?"

"Ndiyo."

Alinitazama, akamtazama mtoto. "Mimi kuendesha sijui. Mwanangu ana gari la serikali huko. Likirudi hapa litakaliwa na kuku, kama lilivyokaliwa kwa mwendawazimu huyu. Lichukueni. Lakini wewe, Mzaramo, hujalipa. Siku nikifa uje hapa, ulale kaburini mwangu, na usitoke kwa jogoo mmoja. Udai ng'ombe. Nataka niheshimiwe."

Fundi alilia. Mjane akamwambia aache kulowesha mtama.

Kesho yake alikuja nasi Tabora kwa basi. Mkuu wa kituo, mgeni wa huku, alimuuliza gari liliibwa lini.

"Halikuibwa. Alilichukua mtani."

"Mtani ni nani kisheria?"

Askari waliokuwa kaunta walianza kucheka hadi mmoja akatoka nje. Wakamweleza mkuu wao kwa zamu, kila mmoja na msiba wa kwao, na fundi akiongeza chumvi. Mwisho mjane aliweka dole gumba lake kwenye maelezo, na mume wangu akaruhusiwa kuondoa gari.

Tulimrudisha Choma siku hiyo hiyo. Alikaa mbele, akimkemea mume wangu kwenye kila shimo kwamba marehemu hakuwa akiendesha kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mimi, mtoto na fundi tulirukaruka nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie mume wangu akicheka tangu gari lichukuliwe. Bado nilikuwa namkasirikia, lakini kidogo.

Tulipofika, wanawake walitoka kwenye zile nyumba za mistari wakaligusa gari. Mmoja aliuliza kama tunarudi mjini, maana ana magunia ya karanga, na mkwewe, mke wa mwanawe, ana mimba na miguu iliyovimba, siku za kujifungua ziko karibu.

Mume wangu alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mwite mkweo," nikasema. "Karanga ziwekwe chini yake, akae laini."