Nilikula Ukurasa wa Neno la Mungu, Haukunisaidia Kitu

La, haukuwa mchungu. Una ladha ya karatasi tu, na nyuma ya ulimi kama mafuta ya taa.

Hamjauliza, najua. Mngeuliza.

Salamu zenu wakuu wa baraza, waume kwa wake. Mie bibi yenu muuza vitumbua wa Kibokoni, alifu kwa kijiti siijui. Lakini hili ni kweli tupu, na asiyeamini na amuulize binti yangu Keziya, yeye ndiye aliyeshika chuo, kitabu chetu cha Injili.

Mwanijua, mie mtu wa kuiga. Padri nimemwiga, karani wa forodha nimemwiga, hata mbuzi wa jirani nimemwiga, akaitika.

Basi siku moja twachagua mchele wa harusi, wanawake kumi, nikawaigia Bi Time.

Bi Time ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Yeye Mwislamu, mie nimebatizwa ukubwani, na hilo halikutuzuia kitu. Keziya alipozaliwa, mikono iliyompokea ni yake.

Nikawaigia alivyomlilia mumewe siku ya maziko. Ile sauti yake ya kukatika katikati: "Waniacha na nani, bwanangu? Waniacha na na-nani?"

Wenzangu walicheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.

Nageuka, Bi Time yu mlangoni na ungo wake.

Aliuweka ungo chini, akaenda zake. Tangu hapo hakunisemesha. Nikipita, yuwatazama juu kama mtu atafutaye mvua.

Nikajiambia, ugonjwa wako ni ulimi, mwanamke, tafuta dawa. Nikamuuliza Keziya, chuoni mna habari ya ulimi? Akasema imo, akanionyesha ukurasa.

Sasa msicheke mapema.

Mie nimekulia mji huu. Nimeona watu wakiandikiwa kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Nikasema, na letu je, si neno la Mungu? Nikaukata ule ukurasa, nikauroweka bakulini tangu asubuhi.

Alasiri natazama, maji meupe pe! Wino haukutoka hata nukta.

Nikautafuna basi. Wote. Nikasukumia kwa maji yale yale.

Nikajiona nimepona. Nikaenda kwa Bi Time kuomba radhi, na kinywa changu, kwa mazoea, kikatoka na sauti ya padri na Kiswahili chake kibovu: "Dada mpenzi, mimi nakuja kwako na moyo ya majuto."

Akafunga mlango. Na haki yake.

Keziya alipoona chuo kimekatwa, akanishtaki kwa mwalimu wetu wa kanisani, mzee mmoja asemaye puani. "Bibi we, chuo cha chapa hakioshwi! Adhabu yako, kila asubuhi usomewe Injili, tangu mwanzo mpaka mwisho. Na msiruke!"

Basi kila asubuhi mie nakaanga, Keziya yuwasoma.

Mwanzo nalisikiliza nipate watu wapya wa kuiga. Watoza ushuru nikawaiga, askari nikawaiga, wateja wakawa waja kwa kicheko kuliko vitumbua. Siku nyingine nalisinzia na uma mkononi. Siku nyingine yasomwa majina matupu, fulani kamzaa fulani, nikasema Keziya mwanangu, hawa wote hawakununua kitumbua hata kimoja, waache.

Hakuruka. Hata siku ya mvua. Hata siku tuliyogombana, alisoma amekunja uso, neno kwa neno.

Tukafika kwa Petro, pale alipomkana Bwana wake, jogoo akawika, naye akatoka nje akalia.

Nikafungua kinywa nimwige akilia. Wateja wamekwisha kuinama wasikie. Na kilio kilichokuja kinywani, wakuu, kilikuwa cha Bi Time.

Kinywa kikagoma.

Mteja mmoja yuwapiga kelele, "Bibi, moshi!", nami nimesimama vivi hivi, vitumbua vyageuka makaa.

Somo langu ni hili. Ule ukurasa niliouchagua mwenyewe niliumeza, na haukunifanya kitu. Ulionipata ni ule nisioujua, na nisingeufikia lau tungeruka. Kwa hivyo ndugu yangu Mkristo, soma kila siku, kidogo kidogo, na asiyejua kama mie na asomewe. Siku nyingi utaona hamna kitu. Endelea vivyo hivyo.

Nanyi mlio na yenu, yaleteni hapa tuyasikie. Mwenye kunicheka kwa ile karatasi na acheke, sitamnunia.

Haya, mwataka kujua ya Bi Time.

Nalimwachia Keziya jiko, nikaenda na mikono bado ina unga. Nikabisha, akafungua nusu. Sikuwa na sauti ya mtu kinywani. Nikasema, "Nalikichezea kilio chako, Bi Time. Niwie radhi."

Akauondoa mkono kwenye komeo.

"Miezi tisa kutafuta maneno hayo tu! Ingia, mlango wazi watia nzi."