Kishada Kimoja Ndani ya Sanduku

Nilikosea kwa kuchora sanduku dogo. Nimejaribu kulieleza kosa hilo nyumbani, Kenyamonta, na nimeshindwa. Nalieleza hapa.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili ya fizikia. Kazi yangu ilikuwa kukokotoa jinsi elektroni zinavyojipanga ndani ya kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekitengeneza bado. Chukua atomi chache za nikeli, zishikamane mpaka ziwe kishada, kama punje zilizobanana katika suke la mtama. Kishada hicho kinakuwa na tabia yake, kana kwamba ni atomi moja kubwa. Panga vishada vingi safu kwa safu, utapata jiwe. Swali langu lilikuwa moja tu: jiwe hilo lingekuwa sumaku?

Kila elektroni ni kijisumaku. Nyingi hukaa mbili mbili, moja ikielekea juu na mwenzake chini, zikafutana. Nguvu inatoka kwa zile zilizobaki bila mwenza. Nilizipenda hizo, wapweke wale wanaotikisa chuma. Katika kila kishada changu zilibaki kadhaa. Lakini hiyo haitoshi. Lazima vishada vyote vielekee upande mmoja. Jirani akimpinga jirani, nguvu yote inaishia humo humo ndani, na jiwe linabaki jiwe.

Msimamizi wangu alisema wazi. "Likiwa sumaku, wenzangu wa Ulaya watalitengeneza, na wewe utaenda kwao kusomea uzamivu. Lisipokuwa, watamchukua mwingine."

Jiwe halina mwisho machoni pa atomi, kwa hiyo unaichorea kompyuta sanduku moja, nayo inalirudia pande zote. Sanduku likiwa kubwa, hesabu inakula siku nyingi, na kompyuta ya chuo tuliigombania kama maji ya kiangazi. Nikaweka kishada kimoja ndani ya sanduku. Likizo ikanikuta nyumbani, nikisubiri. Asubuhi moja nilipanda kilima cha nyuma ya boma, panaposhika mtandao, nikafungua simu. Hesabu ilikuwa imetulia, namba hazibadiliki tena. Vishada vyote vimeelekea upande mmoja. Sumaku! Nilishuka mbio, suruali imejaa mbigili, nikamwambia baba nakwenda Ulaya.

Hapo ndipo nilipojiponza. Baba alichinja. Majirani walikuja mpaka kutoka Nyambureti. Baba yangu mdogo, mwenye mdomo kuliko wote, aliniita katikati ya watu.

"Mura, kijana wangu, hebu tueleze. Umeokota jiwe?"

"Bado halijatengenezwa, baba."

"Sasa umelionaje?"

"Nimelikokotoa."

"Mnamsikia? Kijana wenu ameoa, mke hajazaliwa!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mwacheni," mama alisema. "Nyie mnapanda mahindi mmeiona mvua?"

Baba hakucheka. Alibugia pombe ya mtama na kunipulizia kifuani, kama wazee wake walivyowabariki watu wa safari. "Nenda. Usirudi nyuma kwa sababu ya kitu ulichosahau." Kisha akawageukia watu na kuonyesha kiwanja changu cha pale chini, karibu na mikonge. "Huyu amepata kwake. Mdogo wake ajenge pale." Walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Niliporudi chuoni kuandika ripoti, dada mmoja tuliyekuwa tunakaa naye meza moja alichungulia karatasi zangu.

"Kaka, sanduku lako lina vishada vingapi?"

"Kimoja."

Alivuta karatasi karibu yake. "Sasa jirani atapinganaje na yeye mwenyewe?"

Sanduku lenye kishada kimoja likirudiwa, kila jirani ni nakala. Sikuwa nimeviuliza vishada vinataka kuelekea wapi. Nilikuwa nimevilazimisha, halafu nikashangilia jinsi vilivyokubaliana. Dada yule alinipa zamu yake ya kompyuta. Nikachora sanduku la vishada viwili, nikangoja siku nane. Hesabu ilipotulia, cha pili kilikuwa kimegeuka. Kilimpa mwenzake mgongo, na nishati ya jiwe zima ikawa imeshuka chini ya ile ya kwanza, maana yake ndivyo linavyopenda kukaa. Halikuwa sumaku. Lilikuwa jiwe.

Nilikaa na majibu yote mawili siku nzima. La kwanza lilikuwa na mchoro mzuri sana. Jioni nilituma la pili. Sijisifu, niliogopa tu nisije nikawa Ulaya siku watakapolitengeneza, wakaliweka kwenye mizani yao na lisivute hata pini. Msimamizi alijibu kwa mistari miwili. Wa kwanza ulisema kazi ni safi. Wa pili ulisema nafasi imekwenda kwa mwingine.

Nilishuka kwenye basi la Mugumu na begi langu, nikatembea. Baba alikuwa zizini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umesahau nini?"

Nilimweleza yote, sanduku dogo na sanduku kubwa. Alisikiliza huku akimkuna ndama shingoni.

"Kwa hiyo jiwe limekataa."

"Ndiyo, baba."

"Jiwe ambalo halipo."

"Ndiyo."

"Ungewapelekea lile la kwanza."

"Lilikuwa la uongo."

"Nani angejua?"

"Wangelitengeneza, wangejua."

"Ungekuwa umeshafika."

Baba mdogo alikuwepo, ameegemea lango. Nilimtazama nikitegemea kejeli, chochote ambacho ningeweza kukichekea na mimi. Alitazama miguu yake. Sijawahi kumchukia mtu kwa kunyamaza kama nilivyomchukia siku ile.

Pale chini mdogo wangu alikuwa ameshapandisha ukuta mpaka kwenye madirisha. Alikuja akipangusa udongo mikononi.

"Kaka, mimi sikukufukuza."

"Najua. Nigawie upande wa mikonge tu. Chumba kimoja."

Akamtazama baba. Baba akawatazama ng'ombe.

"Tulikuaga," alisema. "Watu walikula."

Mama alinichukulia begi, akapita nalo mbele ya chumba nilichokulia, ambacho sasa kilikuwa kimejaa saruji ya mdogo wangu, akaliweka sebuleni. Kisha akafungua kabati na kunitandikia shuka jipya, lile ambalo mtu wa nyumbani hapewi.