Klachi ya Gregory na Ulimbo Wangu

Zamani mtu alibisha hodi huku mguu mmoja umeshaingia sebuleni. Siku hizi hutuma ujumbe kuuliza kama anaruhusiwa kupiga simu, ili apige simu kuuliza kama anaruhusiwa kuja. Katika miji hii miwili ya Marekani, Minneapolis na Saint Paul, nilikuwa nimebakiwa na nyumba moja tu ya kuingia kwa desturi ya zamani, nayo ilikuwa ya Gregory Tesha na mkewe Anastasia. Nilikuwa nikishuka kwenye treni pale Saint Paul, natembea kidogo, naingia kwa mlango wa jikoni. Nikiwakuta wamelala, najipikia chai na kuwangoja.

Gregory ni mtu wa Kibosho, Uchaggani. Alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi alipostaafu akiwa hana nywele. Kila mgonjwa aliyemsukuma, Gregory alimwuliza kwao ni wapi na kukoje. Wazee wa kaskazini, wamelala chali wakipelekwa kupasuliwa, walimsimulia maziwa yao, samaki wao, na jinsi barafu inavyonguruma inapokaza. Hivyo ndivyo alivyoijua Minnesota yote bila kutoka kwenye korido. Alipostaafu, alikuwa na hamu ya mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Mimi kwetu ni Makanya, Upareni. Niliishia darasa la saba, kisha nikajisomesha mwenyewe. Miaka yote niliyolinda maegesho ya magari mjini nilisoma chochote ambacho maktaba ilikubali kuniazima: injini za meli, magonjwa ya nyuki, sheria za mirathi za falme zilizokwisha kufa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza lolote katika hayo. Hilo halikunizuia kutoa majibu.

Majira ya baridi yaliyopita Gregory alinunua pikipiki ya theluji, kuukuu, yenye mbao mbili za kuteleza mbele na mnyororo mpana wa mpira nyuma. Sababu ilikuwa Haika, binti yao wa pekee, nesi katika mji mdogo wa kaskazini, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Haika anakisikia Kiswahili vizuri ila hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hicho hicho aliwatafutia wazazi wake nyumba ndogo ng'ambo ya ziwa, mkabala na kwake. Wakati wa baridi barabara ya kule inazunguka mbali, kwa hiyo wenyeji hukatiza juu ya barafu. Gregory alikubali kabla simu haijakatwa. Anastasia, ambaye alilelewa mlimani na hayaamini maji hata yakiganda, aliweka sharti.

"Nipeleke mpaka mwisho wa ziwa moja la hapa hapa, unirudishe, bila mimi kushuka kusukuma. Ukiweza, tunahama. Ukishindwa, dude hilo liuzwe, na Haika atuletee mjukuu huku."

Kwa hiyo yote yaliitegemea ile mashine. Ikifika mwisho wa ziwa, wanahama; isipofika, wanabaki, nami nabaki na mlango wangu wa jikoni.

Mwanzoni haikufika hata mwisho wa kichochoro cha nyuma ya nyumba. Injini ilipiga kelele kama lori linalopanda mlima, chombo chenyewe kikatambaa, na harufu ya mpira unaoungua ikajaa hewani. Tulipofungua kifuniko cha pembeni tulikuta vumbi jeusi kila mahali.

"Mpare, hebu tazama," alisema Gregory. "Inanguruma lakini haivuti."

Klachi ya mashine hizi ni sahani mbili za chuma zinazotazamana, katikati yake unapita mkanda wa mpira. Injini ikienda kasi, sahani zinaubana mkanda nao unavuta, ikipunguza, zinauachia. Nilichungulia nikacheka. Ujanani nilisimamia mashine ya kusaga mahindi pale Makanya. Mkanda ulipoteleza, tulitwanga ulimbo mkavu, utomvu wa mti ulioganda, tukaunyunyizia, ukanata, unga ukaendelea kutoka. Kila mwendesha mashine wa rika langu anaijua dawa hiyo.

"Ni ulimbo tu," nikamwambia. "Vijana wa siku hizi wangekuuzia klachi nzima. Wamezoea kutupa hao. Hata ndoa wanazibadilisha badala ya kuzikaza."

"Una hakika?"

"Gregory, mimi nimesoma injini za meli."

"Hii siyo meli."

"Ndiyo maana ni rahisi zaidi."

Ulimbo niliupata. Nikautwanga jikoni kwa kinu cha Anastasia, jambo ambalo hadi leo hajanisamehe, nikaupaka mkanda wote kwa ukarimu. Gregory akapanda, akawasha. Na mashine ikaondoka! Ilivuta kama ng'ombe aliyeona maji. Nilisimama kwenye theluji mikono kiunoni, nikitunga moyoni hotuba fupi kuhusu maarifa ya zamani.

Kisha Gregory akaachia mafuta ili asimame, naye hakusimama. Ulimbo ulikuwa umepata moto, mkanda umegandamana na sahani, na sahani hazikuweza kuuachia. Mashine iliendelea kwa mwendo wa mtu anayekwenda kanisani, bila haraka na bila shaka yoyote, moja kwa moja hadi kwenye mapipa ya taka ya jirani.

"Breki!" nikapiga kelele. "Breki, Mchagga wewe!"

Alifunga breki. Injini haikukubali kushindwa. Ikazunguka, moshi ukapanda, mkanda ukakatika kwa kishindo na vipande vyake vikaruka hadi kwenye uzio. Pipa moja likaanguka taratibu, likabonyea tumbo.

Anastasia alifungua dirisha la jikoni. "Shemeji Elkanah," akaniita, kwa sauti ya upole kabisa, "kwenu mnasaga mahindi au mnasaga majirani?"

Tulipoing'oa klachi, tuliona kwamba ulimbo wangu ulikuwa umemmaliza mgonjwa aliyekuwa taabani tayari. Sahani zilikuwa zimelika hadi zikafanya mfereji pale mkanda unapopita, bushi ilikuwa inacheza, na springi imelegea kama ufito uliosahauliwa kwenye mvua. Ilibidi itafutwe nyingine. Haika alisema kwa simu, kwa Kiingereza, kwamba baba anunue mpya na aache kuwasikiliza wazee. Nami nikasema, kwa Kiswahili, kwamba chuma cha zamani ndicho chuma, na vya siku hizi vinatengenezwa ili vife. Gregory, Mungu amrehemu angali hai, alinisikiliza mimi.

Ndipo tukaenda mji wa jirani, Champlin, kwa Lenny, mzee mwenye ndevu za kutisha anayevunja mashine kuukuu na kuuza spea kwenye gereji yake. Alituwekea mezani klachi iliyotoka kwenye mashine ya aina ile ile. Ilikuwa imesuguliwa ikang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

"Sijaifungua," Lenny alisema. "Iangalieni wenyewe." Akatuacha akaenda kujibu simu.

Gregory aliinyanyua, akaigeuza, akanisogezea. "Haya, Mpare. Unaonaje? Ukisema ni nzima, naichukua."

Nilimtazama kuona kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Baada ya ulimbo, baada ya mapipa, yule mtu alikuwa bado ananiuliza.

Nikapitisha ukucha wa kidole gumba kutoka katikati ya sahani kwenda pembeni. Hivyo ndivyo tulivyopima puli za mashine pale Makanya, kwa sababu jicho hudanganywa na mng'aro lakini ukucha haudanganyiki. Ukucha wangu ukakwama. Palikuwa na ngazi ndogo, nyembamba, iliyofichwa na msasa. Nikaitikisa sahani ya nje: ikacheza. Klachi ile ingevuta kichochoroni na kumridhisha mtu gerejini. Katikati ya ziwa, na watu wawili juu yake, ingeanza kuteleza na kuunguza mkanda.

Nami nilijua maana yake. Anastasia angeshuka kusukuma. Mashine ingeuzwa. Mwezi wa tatu, wa nne, na miaka yote ijayo, ningeshuka kwenye treni, ningetembea kidogo, ningeingia kwa mlango wa jikoni. Wala nisingehitaji uongo mrefu. Neno "nzima" ni fupi, na sifa yangu ya kukosea ilikuwa imeshathibitishwa mbele ya mapipa.

"Vipi?" akauliza Gregory.

"Imekwisha," nikasema. "Imelika kama ile yako. Wamepiga msasa tu."

"Basi tutafute nyingine kuukuu?"

"Nunua mpya," nikasema, na neno hilo lilinitoka kwa taabu kama mfupa wa samaki. "Na mkanda mpya. Haika alisema kweli."

"Unaumwa?"

"Twende nyumbani kabla sijabadili mawazo."

Hiyo ndiyo mara pekee katika mkasa mzima niliposema jambo sahihi. Nilikasirika njia yote ya kurudi.

Dukani muuzaji alitaka kujua injini ni ya aina gani na waendeshaji wana uzito gani, maana springi na vile vipande vizito vya ndani huchaguliwa kulingana na mzigo. Gregory alimnong'oneza uzito wa mkewe akiupunguza kwa heshima.

"Sema kweli, baba Haika!" Anastasia akadakia kutoka nyuma yetu. "Nisije nikaachwa katikati ya ziwa kwa sababu ya adabu zako."

Mimi kazi yangu ilikuwa kusafisha klachi ya nyuma, ile ya pili inayoupokea mkanda. Ulimbo ulikuwa umefika hadi huko, na ungebaki ungeula mkanda mpya. Niliusugua kwa maji ya moto, sabuni na brashi hadi vidole vikafa ganzi, huku Anastasia akinipitia na kusema kwamba sasa ndipo anaamini niliwahi kufanya kazi.

Jumamosi tulikwenda ziwani. Anastasia alivaa koti juu ya koti, kofia ngumu, na kanga juu ya kofia. Akapanda nyuma ya mumewe, akafumba macho. Waliondoka taratibu bila kushtuka, injini ikiongea kwa sauti moja kama mashine ya kusaga yenye mahindi ya kutosha. Wakawa wadogo, wakawa nukta, wakapotea nyuma ya vibanda vya wavuvi. Nilisimama nikisikiliza. Nakiri kwamba sikujua ninachoomba. Kisha ile nukta ikarudi, ikakua, ikawa kanga.

Anastasia alishuka mwenyewe. "Imenipeleka na kunirudisha," akasema, akainama kufungua kofia nisione uso wake. "Shemeji, tunahama."

Waliondoka mwanzoni mwa mwezi wa tatu, theluji ikiwa imebaki mafungu machafu kando ya njia. Nilifika nikabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi wa nyumba isiyo na kiti. Walikuwa wameshapanda gari. Pikipiki ya theluji ilikuwa nyuma kwenye tela, imefunikwa kwa pazia la jikoni.

Anastasia alishusha kioo. "Shemeji, ukija usipige simu!"

Nilitaka kujibu neno la maana. Nimesoma vitabu vingi vyenye maneno mazuri ya kuagana. Gari likaanza kwenda, nikakimbia hatua chache kama mjinga, nikapaza sauti:

"Mkanda msiupake kitu!"

Gregory akatoa kichwa chake cha upara dirishani. "Hata ulimbo?"

"Hasa ulimbo!"

Akapiga honi. Walipita mbele ya lile pipa lililobonyea tumbo, wakakata kona, na pazia la jikoni likapepea nyuma yao, upande mmoja haujafungwa vizuri.