Joto Lililojengewa Ukuta

Namchukia yule mzee mpaka leo, na siombi radhi. Alikuwa na chumba cha baridi cha kuhifadhia nyama hapa mtaani Murara, nami nilikuwa fundi wake.

Hapa Goma, mtu akiwa na kitu cha thamani hukizungushia ukuta wa mawe ya volkano. Basi naye akalijengea ukuta sanduku la nje la mashine ya baridi, lile lenye feni: mawe pande zote, mabati juu, eti anaogopa wezi. Wiki haikuisha, mashine ikaanza kujizima. Ndani kulikuwa na ng'ombe watatu kutoka Masisi, nyama ya harusi ya binti yake.

Nikaunganisha kipimo changu kwenye bomba la mashine. Gesi ilikuwepo yote, ila mgandamizo wake ulikuwa umepanda kupita kiasi.

"Gaz yangu umeipeleka wapi?" akaniuliza, mbele ya wachinjaji wake wote.

"Patron, gaz iko. Mashini haifanyake baridi. Inaondoshaka joto mu nyama, inaitupa inje. Sasa umeifungia njia. Tuvunje ukuta."

Nikamweleza taratibu, ingawa damu ilikuwa inanichemka. Kompresa, ile pampu ya mashine, inaibana gesi mpaka inakuwa ya moto. Huko nje feni inaipuliza, inapoa na kuwa majimaji. Majimaji hayo yanapenyezwa kwenye tundu dogo, yanageuka baridi kali, yanazunguka chumbani kubeba joto la nyama mpaka yanakuwa gesi tena, kisha gesi inarudi kubanwa. Isipopata pa kulitua lile joto, itarudi nalo, mgandamizo upande, na mashine ijizime isipasuke. Na kama ningeiba gesi, kipimo kingeshuka, kisingepanda. Mzee akacheka.

"Ukuta wangu hauna kosa. Mwizi ni weye."

Nyama ikaoza. Harusini watu walikula maharagwe, na kila aliyeuliza alitajiwa jina langu. Tangu hapo, Murara nzima hakuna aliyenikabidhi hata friji ya soda. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwezi uliopita nilipita pale. Mawe yalikuwa yamerundikwa kando ya barabara, ukuta haupo, mashine inanguruma vizuri. Fundi mpya alikuwa anakusanya spana zake. Mzee aliponiona akapaza sauti ili mtaa mzima usikie.

"Uyu njo fundi wa kweli! Amerudisha gaz yenye uliiba!"

Nikamtazama fundi mwenzangu. Alijua kosa lilikuwa ukuta. Akainamisha kichwa, akafunga begi lake. Nami nikabaki nimesimama mbele ya feni, joto lote la chumba kile likinipiga usoni.