Siku Nne za Kurudi Kwao

Ersilia alizaliwa Mtaa wa Mbweha, akaolewa Mtaa wa Kunguru, na katika mji wa Siena hakuna ndoa nzito kuliko hiyo. Mitaa hiyo ilichukiana tangu enzi za mababu. Kila mwaka, farasi wa mbio za mitaa wakishagawiwa kwa kura, alifunga kibegi chake akarudi kwao siku nne, mpaka mbio ziishe. Mume na mke wa mitaa ya mahasimu hawalali kitanda kimoja siku hizo. Kwa miaka thelathini na minane hakukosa hata mara moja.

Mwaka huu mumewe, Fosco, alikuwa kitandani, mapafu yameliwa na vumbi la mawe aliyoyachonga maisha yake yote.

"Siendi," Ersilia alimwambia.

"Utakwenda. Unataka waseme Kunguru kalishwa supu na Mbweha siku za mbio?"

"Waseme. Kwani watakufa?"

"Mimi ndiye nitakayekufa, na nikifa nife Kunguru." Akakohoa sana, kisha akatabasamu. "Nenda, bibi kizee. Mtashindwa tu, utarudi mapema."

Bibi kizee ndiyo kejeli wanayopewa waliokaa muda mrefu kuliko wote bila ushindi. Mbweha walikuwa na miaka thelathini na mmoja. Basi Nives, dada yake Fosco, akaja kumuuguza kaka yake, na Ersilia akaenda.

Siku ya nne, siku ya mbio, farasi wa Mbweha aliingizwa kanisani kubarikiwa. Akadondosha kinyesi karibu na altare, watu wakagusana viwiko: bahati hiyo. Ersilia alikuwa amepiga magoti, akiomba jambo ambalo mtu wa Mbweha haombi. Aliomba washindwe.

Alasiri gwaride likazunguka uwanja, bendera zikirushwa juu na kudakwa, ngoma zikienda polepole kama za maziko. Mbio zilipoanza, mpanda farasi wa Mbweha aliangushwa kwenye kona ya pili. Ersilia akashusha pumzi. Lakini farasi hakusimama. Alikimbia mgongo mtupu, na huko anayehesabiwa ni farasi, si mtu. Akamaliza wa kwanza.

"Lia, mwanangu, lia," kikongwe mmoja alimwambia, akimkumbatia. "Tumengoja mno."

Akalia. Hakuna aliyemuuliza analilia nini. Walimshika mikono huku na huku wakampeleka kanisani kushukuru, na alipochomoka, taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka. Mtaa wa Kunguru madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Akafungua kitambaa cha Mbweha shingoni, akakificha kifuani.

Nives alikuwa mlangoni, macho mekundu.

"Lini, wifi?"

"Sasa hivi tu. Alisikia kengele za ushindi, akauliza ni za nani. Nilishindwa kumdanganya." Nives akatazama chini. "Akasema, basi leo hatarudi mapema."

Ersilia akaingia, akaketi kitandani, upande anaolala yeye. Nje, ngoma za kwao zilikuwa zikipanda mlima.