Neno Alilolifungia Mdomo Mama Mkwe

Mwaka ule baada ya msiba nilikuwa na hasira na wawili: Mungu, na mama mkwe wangu. Mungu alimchukua mume wangu kwa homa ya siku nne, tena mtu aliyekuwa hajui hata kuugua mafua. Mama mkwe yeye alininyima amani, na wala sisemi kwa mafumbo. Kila Jumapili padri akisema tupeane amani, watu wanageukiana na kushikana mikono, "Amani ya Kristo, amani ya Kristo," mpaka kanisa zima linavuma. Mama mkwe ananipa mkono, ananitazama, halafu anafunga mdomo. Neno halitoki. Na neno lenyewe ndilo alilobatizwa nalo mume wangu, ndilo lililokuwa jina lake, kwa hiyo niliona ananinyima mara mbili.

Nikampigia dada yangu Singida, nikamwambia huyu mama ana kinyongo na mimi. Anaona nilichelewa kumpeleka mwanawe hospitali. Dada akasema muulize. Nikamjibu nimuulize mimi nina kichaa? Tuliishi nyumba moja pale Elerai, tunakula chungu kimoja, na hatukuongea zaidi ya shikamoo na chai iko tayari.

Kusali nilikuwa nimeacha. Kanisani nilikwenda kwa sababu ya watoto na macho ya jumuiya, lakini ndani palikuwa pakavu. Kwaresima ilipofika, parokia ikatangaza hija ya miguu, kutoka kanisani kwetu, kupita Kisongo, hadi kilima kimoja chenye msalaba. Nilijiandikisha kwa shari. Nilipanga nikafike pale juu, nimwambie Mungu nimechoka naye, na kama atanyamaza kama alivyozoea, basi tuachane, nisikanyage tena kanisani. Jioni ya kuamkia safari nikamkuta mama mkwe ameketi mlangoni anakaza mikanda ya katambuga zake, zile ndala za tairi. "Na mimi nakwenda," akasema. Mipango yangu yote ikaharibika hapo hapo.

Tuliondoka alfajiri tukiimba, ule mlima mkubwa ulio juu ya mji wetu ukiwa kulia kwetu, umevua mawingu. Mimi nilikuwa na raba mpya nilizonunua maalumu kwa ajili ya siku hiyo. Kabla hatujafika Kisongo zilikuwa zimenitoa malengelenge visigino vyote viwili. Mama mkwe, mwenye miaka sabini na kitu, na shuka lake begani na rozari mkononi, anatembea tu kama anakwenda kisimani. Akanitazama ninavyochechemea. "Viatu vyako vinakutembeza wewe," akasema. Ndiyo ulikuwa utani wake wa kwanza kwangu tangu tuzike, na kwa maumivu niliyokuwa nayo sikucheka.

Tulipoiacha lami na kushika njia ya vumbi, bibi mmoja wa rika lake akatoka bomani kwake kutusalimu. Kumbe walikua pamoja. Wakaanza kupeana habari kwa Kimaa, lugha ya kwao, kirefu, kama wafanyavyo Waarusha: mvua, ng'ombe, wajukuu. Mimi nikaketi juu ya jiwe kupumzisha visigino. Nikasikia yule bibi anaulizia mtu, na katikati ya Kimaa chake likatoka jina la mume wangu. Hakuwa na habari za msiba. Mama mkwe akanyoosha mkono haraka, akamziba mdomo kwa kiganja. Akamzuia hivyo kwa muda, taratibu, bila ukali. Yule bibi akaelewa, machozi yakamtoka.

Tulipoendelea na safari sikuweza kunyamaza. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini umemziba?"

"Kwetu mtu akiondoka, jina lake tunaliweka chini," akasema. "Ukilitaja, unamwita. Naye hawezi kuja. Sasa mtu asiyeweza kuja unamwitia nini? Unamtesa tu."

Nikaukumbuka mdomo wake wa kila Jumapili. "Na kanisani?"

"Kanisani ndiko wananimaliza, mwanangu. Kila Jumapili watu mia tano wanamwita."

Aibu ikanishika mpaka masikioni. Mwanamke huyu alikuwa hajakosa misa hata Jumapili moja mwaka mzima. Aliketi benchi la pili kutoka mbele, akijua kabisa kwamba ikifika saa ile watalisema jina lile, pande zote, na yeye atatoa mkono wake na kuvumilia. Mimi niliyelia kila mtu akaniona, niliyepikiwa na kuombewa na jumuiya nzima, ndimi niliyekuwa nimekuja kumfungia Mungu mlango. Sijawahi kumstahi mtu kama nilivyomstahi mama yule, mbele yangu kwenye vumbi, katambuga zikipiga visigino vyake.

Kilimani tulifika jua likiwa kali. Misa ikasomwa chini ya msalaba, watu wamejifunika khanga na miamvuli. Yale maneno niliyomwandalia Mungu sikuyakumbuka, na wala sikuwa na mengine ya kumwambia. Nilikuwa nahesabu tu sehemu za misa zilizobaki, nikiogopa kwa niaba yake. Padri akasema tupeane amani. Watu wakaanza. Nikamshika mama mkwe mikono yote miwili, na safari hii nikafunga mdomo mimi. Nilitaka walau mtu mmoja pale asimwite.

Akanitazama. Halafu akalisema lile jina. Hakulisema kama watu wa misa. Aliliita, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto wake kutoka machungani aje ale, sauti kubwa, mpaka watu wa mbele wakageuka. Kisha akainua uso kidogo, anasubiri.

Hakuja mtu. Akanivuta mimi kifuani kwake, na pale pale, nimebanwa kwenye shuka lake lenye vumbi, nikasali.